Neno la Herufi Sita

Ukurasa hufungwa saa nne na robo usiku.
Saa nne kamili habari ikaniangukia mezani:
watafiti wa ng'ambo wamepima damu
ya watu thelathini na wanane waliochoka wasipone,
na kwa wengi wao wamekuta nyayo za kirusi,
kile ambacho huenda sote tulikipata utotoni
tukapakwa mafuta kifuani, tukarudi shule.
Mwandishi aliandika kwa adabu:
“Huenda kirusi kina mkono katika uchovu sugu.”

Nafasi ilikuwa safu mbili tu.
Tangazo la magodoro lilishalipiwa, halisogei.
Nikahesabu herufi kama konda wa chenji,
nikatafuta neno la kutoa lisilolalamika.
Nikatoa “huenda”.
Yaliyobaki yakajipanga yenyewe:
KIRUSI CHA UCHOVU CHANASWA,
kama mwizi wa kuku aliyeshikwa Kariobangi
na manyoya mdomoni.
Mhariri akapita, akanigonga bega:
“Hapo sasa. Hiyo inauza.”

Sikumfikiria Mwikali. Huo ndio ukweli.

Dada yangu, Umoja, ghorofa ya nne.
Alikuwa mwalimu wa michezo; filimbi yake
ina miaka sita kwenye msumari.
Siku akioga, hapiki.
Siku akipika, haogi.
Akisukwa nywele Jumamosi
deni hulilipa hadi Jumatano, kitandani, pazia limefungwa.
Ameambiwa ni damu. Ameambiwa ni mawazo,
ni mume aliyehamia Kitengela,
ni uvivu (hilo husemwa ngazini,
kwa sauti ya chini inayopanda vizuri kuliko yeye).

Asubuhi ile alinipigia kabla ya jua.
“Umeona? Kimenaswa!”
Nami, mwenye wino vidoleni,
nikasema, “Nimeona.”

Akaikata habari kwa mkasi wa kucha.
Akashuka ngazi sitini na nne, akipumzika mara saba,
akafika kwa daktari wa Buruburu na bahasha kifuani
kama mtu anayepeleka mahari.
Daktari akasoma kichwa. Akasoma mwili.
Akafika aya ya tisa, pale chini
ambapo mkasi wangu haukufika.
“Mwalimu, hapa wanasema huenda.
Kipimo hicho hatuna. Dawa pia hakuna, hata huko kwao.”
Akarudi na teksi ya mkopo.
Akalala siku kumi na moja.

Miezi minane ikapita. Maabara mbili zilirudia kazi,
hazikukuta kitu; ya tatu ikakuta nusu ya kitu.
Nikapewa kisanduku cha ukubwa wa stempu,
ukurasa wa thelathini na moja,
kati ya tanzia na mnada wa trekta.
Hapo palikuwa na nafasi.
Hapo “huenda” ingetosha hata mara tatu.
Kesho yake Kerubo wa mboga
alifungia dania ndani yake.

Jumapili nikampandishia Mwikali maji, mtungi wa lita ishirini,
nikautua, nikamwambia ni mimi.
Hakunifokea. Kufoka kuna gharama,
naye bajeti yake naijua.
Alinyamaza mpaka jirani akamaliza kutwanga vitunguu saumu.
Kisha akasema:
“Ungeniachia tu hilo neno.
Mimi ndilo ninaloishi nalo.
Kesho huenda nikaamka.
Huenda nikafika dirishani.
Ulidhani litanivunja moyo?
Lilikuwa ndilo la kwangu katika habari nzima.”

Akaomba bahasha. Akaomba kalamu.
Mkono ukitetemeka, akaandika mwanzoni mwa kichwa changu
herufi sita, polepole, akipumzika baada ya ya tatu.
Aliziandika ndogo.
Kubwa, alisema, zinachosha.